Natunga nchi ya misitu, Mvulenga: wenyeji wake wa kale wawe watu wa namna gani?

#1 Kalamu Tupu

Wakuu, salaam. Naandika riwaya yangu ya kwanza na imebidi nitunge nchi nzima. Nimeiita Mvulenga. Ni msitu mnene, mito haihesabiki, mvua karibu mwaka mzima, bahari iko mbali. Visa vyenyewe vinatokea kabla ya wageni wenye bunduki kuingia, ila wahusika kila mara wanawataja "wa kale", na hapo ndipo nimekwama. Nimeandika hivi:

"Hapo mwanzo msitu ulikuwa mtupu. Wakaja Wavule, watu warefu wenye mashoka ya chuma. Wakafyeka, wakajenga mji wa mawe katikati ya msitu, na mfalme wao wa kwanza akatawala kutoka mto hata mto. Walikuwamo pia watu wadogo wasio na lugha, walioishi kama wanyama. Hao waliwakimbia Wavule, wakapotelea gizani."

Jamaa yangu mmoja kaisoma, akasema imekaa kama filamu. Sijajua ni sifa au tusi. Nchi ya namna hii historia yake ya kale ingekuwaje, msomaji wa huku kwetu asinicheke? Wajuvi njooni.

#2 Siti ya Mbele

Ngoja nivute kiti. Kahawa ipo.

#3 Mzee Kigae

Mkuu, ni tusi, ila la kirafiki. Na dawa ipo.

Tuanze na "msitu ulikuwa mtupu". Karibu kila anayetunga nchi ya msitu anaanzia hapo, na waliokuja kugawana ardhi za watu nao walianzia hapo hapo. Sasa chukua msitu mkubwa kuliko yote Afrika, wa bonde la Kongo, uufanye kipimo cha Mvulenga yako.

Ukingoni mwake mashariki, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, kuna mahali panaitwa Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale kipande cha mfupa chenye mikato iliyopangwa kwa mafungu, umri wake kama miaka 20,000. Kuna wanaosema ni hesabu, kuna wanaosema ni kalenda ya mwezi, kuna wanaosema ni mikwaruzo ya kuzuia mkono usiteleze. Wabishane tu. Teremka na mto huo huo kidogo ufike Katanda: pale zimetoka ncha za chusa za mfupa zenye miiba, kazi ya fundi kabisa, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Zimekadiriwa kuwa na miaka kama 90,000. Mtu anayesubiri msimu wa kambare kuzaa, akaja na chusa aliyoichonga kwa ajili hiyo, huyo haishi kama mnyama.

Halafu nenda upande wa pili, Kameruni kaskazini magharibi, kwenye pango la Shum Laka. Eneo hilo ndilo wanaisimu wanalolitaja kuwa karibu na chimbuko la lugha zetu za Kibantu. Pale walizikwa watu kwa vipindi viwili, kama miaka 8,000 na kama miaka 3,000 iliyopita. Mwaka 2020 yalitoka majibu ya vinasaba vya wanne kati yao, wengi wao watoto. Kila mtu alitarajia babu zetu. Hawakuwa. Nasaba yao iko karibu zaidi na wawindaji wa msitu wa leo, akina Baka na Aka, kuliko sisi tunaosema Kibantu. Yaani hata nyumbani kwetu kwa kwanza tulikuta wenyeji.

Kwa hiyo swali la kitabu chako si nani alifika. Ni nani alimkuta nani, na siku ya pili yake waliishije.

#4 Mkono Mtupu

Chai hii. Niliwahi kusoma kwamba msitu wa mvua haulishi mtu bila shamba. Hakuna wanga, wanyama wamekonda, matunda yako juu huko. Hao wawindaji mpaka leo wanakula ndizi za wakulima. Basi bila wakulima wasingekuwamo, na Kalamu Tupu yuko sahihi.

#5 Mzee Kigae

Mkono Mtupu, hilo halikutoka hewani. Miaka ya 1980 kulikuwa na wasomi waliolishikilia kwa nguvu: kwamba viazi vikuu pori ni vichache mno, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuishi ndani ya msitu kabla ya kilimo. Yakaandikwa makaratasi mengi sana. Lakini walioishi kambini na Wabaka na Waaka wakarudi na habari nyingine: viazi pori vya aina kadhaa, asali, kokwa zenye mafuta, samaki wa vijito wakati wa kiangazi, viwavi, uyoga. Kuna miezi ya njaa, sikatai. Wakulima nao wanayo yao.

Halafu mwaka 2025 yakatoka matokeo ya Anyama, karibu na Abidjan, Kodivaa. Zana za mawe zilizochimbuliwa huko zimepimwa upya na kuonekana zina miaka kama 150,000, na chembe za mimea kwenye udongo ule ule zinaonyesha palikuwa msitu wa mvua, si mbuga. Miaka 150,000, kilimo kiko wapi?

Ndizi za leo ni jambo lingine. Anayekula chapati ya jirani hakukosa chakula kabla jirani hajahamia.

#6 Siti ya Mbele

Nondo hizo. Mkono Mtupu chukua maji ukunywe.

#7 Mkono Mtupu

Nimekunywa. Endelea, bado namfuatilia kwa macho mawili.

#8 Mtoto wa Mambasa

Jambo wandugu. Mimi ni mtu wa Ituri, mashariki ya Kongo, nimezaliwa upande wa Mambasa, sasa niko Bunia kwa kazi. Nasoma huu uzi nacheka kidogo, maana munaongea juu ya majirani wetu kama watu wa hadithi.

Kalamu Tupu, ile ya "wakawakimbia" ndiyo inaniudhi. Kwetu Bambuti, ndio wawindaji wa msitu, na watu wa kijiji hawakimbiani. Wanasumbuana, wanasemana, lakini wanahitajiana. Familia ya kijiji iko na familia yake ya msituni, na hiyo inarithiwa kwa baba. Nyama inatoka msituni, asali inatoka msituni, majani ya kuezeka nyumba yanatoka msituni. Kijijini kunatoka ndizi, chungu, kisu, ncha ya mshale, chumvi. Wakati wa asali ukifika, mwenye shamba anaweza kupiga kelele mpaka achoke, hapati mtu wa kumsaidia kulima. Wote wako juu ya miti.

Kuna jambo moja wageni hawalijui. Kwa Wabira, wakulima wa kijiji, jando inaitwa nkumbi, na vijana wa Bambuti wanaingia pamoja na vijana wa kijiji. Waliotahiriwa pamoja wanaitana kare. Hiyo ni undugu wa damu, utabaki nayo mpaka uzee. Sasa uniambie, huyo kare wako utamwita mnyama?

Na msiwafanye kuwa wamoja. Wale wanaokaa na Wabira ni watu wa nyavu: nyavu za kamba ya mmea wa msituni, wanaume wanazifunga kwa nusu duara, wanawake na watoto wanakuja kwa upande ule wanapiga kelele, mboloko wanakimbilia nyavuni. Waefe wanaokaa na Walese ni watu wa upinde. Msitu ni ule ule, ukienda kutoka kambi hii hata ile utakuta kazi ingine kabisa.

#9 Kalamu Tupu

Mtoto wa Mambasa, asante sana ndugu. Mboloko ndiyo paa yule mdogo wa kijivu? Na hapo pa lugha mnisaidie, maana nimeandika "wasio na lugha".

#10 Mtoto wa Mambasa

Ndiyo yeye, mdogo, ana mbio za ajabu. Lugha wanayo. Waefe wanasema Kilese, kwa namna yao. Wale wa Wabira wanasema Kibira. Na Kiswahili cha huku wanakisema wote, hata kambini.

#11 Mzee Kigae

Hapo Mtoto wa Mambasa kagusa jambo kubwa, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndipo riwaya nyingi zinapoanguka.

Wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati leo wanasema lugha za jamii tatu tofauti kabisa. Kilese cha Waefe si Kibantu, ni cha kundi la Sudani ya Kati. Waaka wanasema lugha ya Kibantu. Wabaka wa Kameruni wanasema lugha ya jamii ya Ubangi. Mtu wa haraka atasema: basi hawakuwa na lugha yao, wameazima. Lakini linganisha Kiaka na Kibaka, lugha mbili zisizo ndugu, utakuta maneno mengi yanayofanana, na si maneno ya ovyo ovyo. Yamejazana kwenye asali na nyuki, kwenye tembo na uwindaji wake, kwenye viazi pori na zana za msituni. Maana yake wazee wao waliwahi kuishi pamoja na kuzungumza kitu kimoja kabla ya kila upande kuchukua lugha ya majirani wake. Lugha yenyewe imekwenda, msamiati wa kazi umebaki.

Sasa fikiria ukitumia hilo Mvulenga. Mhusika wako ni Mvule, amezaliwa kijijini, anajua anazungumza lugha ya baba zake. Halafu anatembea mwezi mzima mpaka mwisho wa nchi, kwa watu ambao lugha yao haielewi hata neno, na huko anamsikia mwindaji akimwita nyuki vile vile wanavyomwita wawindaji wa kwao. Hakuna ramani wala hati ya zamani itakayompa msomaji mshtuko kama huo, na ni kitu kilichotokea kweli.

Vinasaba vinasema jambo la kwenda nalo: nasaba ya wawindaji wa msitu na ya wakulima ziliachana zamani sana, zaidi ya miaka 60,000 kwa makadirio mengi, na wale wa mashariki (Ituri) na wa magharibi (Kameruni, Gaboni) wakaachana baadaye, kwenye miaka 20,000 hivi au zaidi, kipindi cha baridi na ukame kilipoukata msitu vipande. Kwa hiyo hata hao "wa kale" wana wa kale wao.

#12 Bibi Mkunazi

Naomba niingize kidogo, Mzee Kigae akipumzika. Kalamu Tupu, usisahau kwamba nchi ya msitu ina historia nyingine, ile ya uvumi walioandika watu wa mbali.

Huko Aswan, Misri, kuna kaburi la mkuu mmoja wa misafara, Harkhuf, wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Nje ya kaburi kumechongwa barua aliyoandikiwa na Farao Pepi wa Pili, ambaye wakati huo alikuwa mtoto. Harkhuf alikuwa ametuma habari kwamba anarudi kutoka kusini na mtu mfupi anayecheza ngoma za miungu, kutoka nchi ya wakaao upeoni. Mtoto wa kifalme kapagawa! Anamwamuru aache yote aje mbio, aweke watu makini pande zote mbili za chombo asije akaanguka majini, na usiku akilala wamkague mara kumi. Anasema anatamani kumwona kuliko mali zote za machimboni.

Wasomi wanabishana kama alikuwa mtu wa msituni kweli au mtu yeyote mwenye kimo kifupi. Mimi kinachonigusa ni kwamba jina lake halimo. Lipo la farao, lipo la mkuu wa msafara, yeye anatajwa kwa kimo na ngoma. Wagiriki nao katika ushairi wao wa kale wakasema kuna watu wafupi wanaopigana vita na korongo. Kwa hiyo Mvulenga ikitajwa na majirani zake wa mbugani, itajwe kwa uongo wa aina hiyo, na wenyewe wausikie wacheke.

#13 Mkono Mtupu

Mara kumi usiku mmoja? Huyo maskini hakulala.

#14 Mzee Kigae

Bibi Mkunazi, umetisha. Naendelea.

Wavule wako sasa, wenye mashoka ya chuma. Usiwalete kama jeshi. Waliosambaza lugha za Kibantu walianza kutoka kule mpakani mwa Nigeria na Kameruni miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na mwanzoni hawakuwa na chuma. Walikuwa na mashoka ya mawe yaliyonolewa, vyungu, viazi vikuu, na mchikichi. Walikwenda kizazi kwa kizazi, kijiji kikizaa kijiji, wakifuata mito na fukwe. Kuna babu aliyezaliwa, akalima, akazikwa, na hakujua kabisa kwamba yumo kwenye "uenezi" wowote.

Kisha miaka kama 2,500 iliyopita hali ya hewa ikageuka. Kiangazi kikawa kirefu, msitu ukatoboka, penye miti mikubwa pakaota nyasi na miti ya haraka. Kusini mwa Kameruni wachimbaji wamepata punje za uwele zilizoungua, za karne za mwisho kabla ya Kristo. Uwele, wakuu! Nafaka ya Dodoma na Sahel, inayotaka jua la kukaushia suke, iko mahali ambapo leo ni msitu wa mvua. Kwa hiyo njia ilifunguka yenyewe kwa sehemu kubwa, shoka likapita palipokwisha kulegea.

Ukitaka kuona kitu kwa macho, angalia vyungu vya Imbonga. Mjerumani Manfred Eggert na wenzake walipanda mashua wakazunguka mito ya katikati ya bonde la Kongo miaka ya 1970 na 1980, maana barabara hakuna, wakachimba kwenye kingo zilizoinuka. Wakakuta mashimo yenye vyungu vya karne za mwisho kabla ya Kristo, vimenakshiwa mwili mzima, mstari juu ya mstari. Aliyevifinyanga hakuwa anakimbizana na njaa.

#15 Kijana wa Bukoba

Na chuma msitusahau sisi wa Kagera. Vyungu vya Urewe, vile vyenye kidimbwi kidogo kitakoni kama mtu aliyebonyeza kwa kidole gumba, vimejaa kwetu na vinaenda pamoja na mabaki ya matanuri ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Katuruka, mojawapo ya mahali hapo, iko pale pale, watu wanalima juu yake.

Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliombwa wayeyushe chuma kama walivyofanya baba zao. Shimo likajazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa, tanuri likajengwa kwa udongo wa kichuguu, mifuo pande zote. Chuma kikatoka. Kalamu Tupu, kama mhunzi wako anapiga nyundo tu bila kuwa na watu wa kukata kuni, kuchoma makaa, kukata matete na kufua mifuo zamu kwa zamu, basi umeandika mchawi.

#16 Kalamu Tupu

Mhunzi wangu alikuwa peke yake mlimani, ndiyo. Na je, makaa hayo si yalimaliza msitu?

#17 Mzee Kigae

Yaliumega, na baadaye msitu ukarudi. Hapo ndipo penye kisa ambacho ningekuwa na kipaji chako ningekiandika mimi.

Mwaka 2021 kundi la watafiti lilikusanya vipimo 1,149 vya umri wa makaa kutoka maeneo 726 ya msitu wa Kongo, wakavipanga pamoja na mitindo ya vyungu. Picha iliyotoka haikuwa ya ngazi inayopanda. Kuna shughuli nyingi kuanzia mwaka 800 hivi kabla ya Kristo mpaka mwaka 400 baada yake: vyungu, matanuri, chikichi zilizoungua. Kisha kati ya mwaka 400 na 600 watu wanapungua kwa ghafla, katika maeneo mengi kwa pamoja. Karne kadhaa za ukimya. Kwenye mwaka 1000 watu wanajaa tena, na vyungu sasa ni vya mitindo mingine, si ya wale wa mwanzo. Sababu? Watafiti wamependekeza maradhi ya mlipuko kuwa mojawapo, na hali ya hewa nayo imo.

Unaona maana yake kwa Mvulenga? Wahusika wako wanaoishi mwaka 1600 na wanaojiita wenyeji, babu zao waliingia kwenye nchi iliyowahi kujaa wakulima wengine. Wanapochimba shimo la nguzo, futi chache chini wanakuta makaa na kigae chenye nakshi wasiyoijua, na juu yake umesimama mti ambao watu watatu hawaukumbati. "Wa kale" wako hapo. Hakuna haja ya jitu refu.

Nani alibaki katikati, kipindi cha ukimya? Wawindaji. Kama kuna anayekumbuka jina la kile kijiji kilichokufa, ni mzee wa kambi ya msituni, na yeye haulizwi.

#18 Siti ya Mbele

Mwili umenisisimka aisee.

#19 Mkono Mtupu

Haya, hilo nimelikubali, lina tarehe. Ila riwaya bila mfalme na mji itauzwa kwa nani? Mwacheni kijana na mji wake wa mawe.

#20 Bibi Mkunazi

Mji wa mawe katikati ya msitu wa Kongo mawe anayatoa wapi? Kilomita kwa kilomita ni udongo, mchanga na matope ya mto. Watajenga kwa miti, fito, majani na magome, na vyote vinaoza. Udongo wenyewe una asidi, unakula mpaka mifupa. Ndiyo maana Mzee Kigae anaongelea vigae na makaa tu, havimo vingine.

Na ukuu si lazima uwe kiti kimoja. Waangalie Walega wa msitu wa Maniema na Kivu. Hawakuwa na mfalme. Walikuwa na Bwami, chama chenye ngazi, mtu anapanda moja baada ya nyingine kwa tabia njema, kwa msaada wa ndugu wanaomchangia mali, na kwa kujifunza methali zinazofundishwa kwa ngoma na kwa sanamu ndogo za pembe au mti. Ngazi ya juu kabisa inaitwa kindi. Sanamu yenyewe inaenea kiganjani, imesuguliwa na mafuta mpaka imekuwa rangi ya asali. Aliyefika huko anaheshimiwa vilima vingi mbali na hana askari hata mmoja. Hebu niambie hapo hakuna riwaya.

#21 Mzee Kigae

Naunga mkono. Kama lazima mfalme awepo, muweke ukingoni, msitu unapokutana na mbuga, kama Wakuba kati ya mito Kasai na Sankuru. Ufalme wao ulipata nguvu karne ya 17, wakati wa Shyaam a-Mbul. Wana kinyago maarufu cha ikulu kiitwacho Bwoom, kichwa kizito chenye paji kubwa lililotokeza, na masimulizi mojawapo yanasema ni sura ya Mtwa, mwenyeji wa msitu. Anacheza na kinyago cha kifalme uwanja mmoja. Yaani mfalme anapojionyesha kwa watu, aliyetangulia nchi lazima awepo, hata kwa kinyago. Majirani wengi wa msitu wana desturi za namna hiyo: Mtwa ndiye aliyewaonyesha njia, ndiye mwenye nchi kwa mizimu, halafu siku za kawaida anakaa mwisho wa mkeka. Ukiandika utata huo bila kuupaka sukari, utakuwa umefika.

#22 Mtoto wa Mambasa

Hiyo ya mwisho wa mkeka ni kweli kabisa. Kwenye matanga anaitwa kwanza aimbe. Kwenye chakula anaitwa mwisho. Andika na hiyo.

#23 Kijana wa Bukoba

Swali la mawasiliano. Nchi yenye mito hivi habari zinasafirije? Asije akaweka njiwa.

#24 Mzee Kigae

Ngoma ya gogo. Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa mto Kongo karibu na Kisangani, lugha yao ina toni ya juu na ya chini, na gogo lililochimbwa lina midomo miwili, mmoja mzito mmoja mwembamba. Sasa kwa kuwa maneno mengi yanagongana kwa toni, hawapigi "mwezi" peke yake. Wanapiga sentensi nzima, "mwezi unaitazama dunia toka juu", ndipo msikilizaji wa ng'ambo ajue ni mwezi. Kila kitu kina sentensi yake, na kila mtu ana jina lake la ngoma. Usiku, juu ya maji, sauti inakwenda mbali. Habari ya kifo itamfika mjomba kabla mtumbwi haujafunguliwa.

#25 Kalamu Tupu

Wakuu, nimeandika upya, pigeni msumari:

"Waliokuwapo walikuwapo. Babu zetu walipoingia kwa mto, mzee wa kambi aliwaonyesha penye viazi na penye kinamasi, nao wakampa chungu. Mtoto wa mzee na mtoto wa mpewa njia waliingia jando siku moja. Hatukujenga juu ya ardhi mbichi. Tulipochimba nguzo ya kwanza tulitoa kigae chenye mistari, na mzee akageuza uso. Jioni ile, mwaka ambao wageni wangeuita 900, tulikula pamoja kisamvu kwa karanga, wazee wakavuta tumbaku, na gogo likapigwa: watu wamekaa, moshi unapanda."

#26 Siti ya Mbele

Sasa hiki ndicho kitabu.

#27 Mkono Mtupu

"Mzee akageuza uso" hapo umenipata, nakiri. Nitanunua nakala.

#28 Bibi Mkunazi

Nzuri mno mwanangu. Ila mwaka 900 muhogo uko Amerika, karanga ziko Amerika, tumbaku iko Amerika, na meli ya kuzileta bado ina miaka 600 kabla haijatweka tanga. Wape viazi vikuu kwa mawese, kokwa na asali. Na ndizi muulize Mzee Kigae kwanza, maana zimetoka Asia na najua ana la kusema.

#29 Mzee Kigae

Ninalo. Kuna chembe za mgomba zilizopatikana Nkang, Kameruni, zinazosemwa kuwa na miaka kama 2,500, na wapo wanaozikataa. Mwaka 900 weka ndizi bila hofu. Pilipili ulizozitia kwenye sura ya tatu uliyonitumia kwa ujumbe, ondoa nazo.